Wagosi wa Kaya: Historia Fupi ya Coastal Union, Kutoka Mgwashi

Coastal Union, Wagosi wa Kaya, ilianzishwa mwaka 1948, Tanga ikiwa mji wa mkonge. Mashamba ya kuanzia Korogwe mpaka Muheza yalijaa vibarua wa kila kabila, na reli iliyopita Mombo kwenda Moshi ilishusha marobota bandarini na kurudi na watu. Kazi ikiisha, watu walitaka dansi na mpira. Mji uliozaa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz usingekosa timu, na kwa kweli haukuridhika na moja. African Sports, Wana Kimanumanu, walitutangulia mwaka 1936 na hawachoki kutukumbusha kwamba wao ndio kaka. Heshima yao tunawapa, ila utani hatuwapunguzii.

Maskani ya klabu ni Ngamiani, Barabara ya 11. Mitaa ya Ngamiani imepewa namba, kwa hiyo mtu wa mlimani hapotei, mradi ajue kuhesabu. Uwanja ni Mkwakwani. Wazee walioiasisi klabu hawakuacha maandishi mengi. Waliacha timu, na timu ndiyo iliyotufikia huku juu mlimani, kijijini kwetu Mgwashi.

Mgwashi tuliisikia Coastal miaka mingi kabla ya kuiona. Redio ilikaa barazani kwa mwenye duka. Siku ya mechi betri zilianikwa juani tangu asubuhi, zikawa zinageuzwa kama mahindi ya kuchoma, maana zikikata dakika ya themanini mwenye duka hakuwa na pa kujificha. Mtangazaji wa Radio Tanzania akitaja jina la mchezaji wetu, watoto walinyamazishwa kwa konzi. Akitaja la mchezaji wa Yanga au Simba, kila mtu alikuwa na lake la kusema.

Waliotaka kuona kwa macho walidandia lori la mboga. Unakaa juu ya matenga ya kabichi hadi Soni, unashuka kona zile hadi Mombo huku masikio yameziba, kisha unatafuta basi: Korogwe, Segera, Hale, Muheza, Tanga. Joto la pwani linakupokea na sweta la mlimani bado umelivaa. Ngamiani walitujua kwa masweta hayo, na zaidi ya mmoja wetu alipewa chai na chapati bila kuulizwa anatoka wapi. Shukrani hizi zimechelewa kuandikwa, naziandika sasa.

Mwaka 1988 hauhitaji maelezo kwa mtu wa Tanga, lakini vijana waliozaliwa baadaye nao wana haki ya kuusikia. Coastal Union ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara, taji lililozoea kulala Dar es Salaam. Mwaka huohuo African Sports wakachukua ubingwa wa Muungano. Makombe yote mawili yakawa Tanga, mji mmoja, mitaa ya jirani! Ningeweza kujaza kurasa zote hizi kwa mwaka huo peke yake, na wapo waliotaka nifanye hivyo.

Miaka iliyofuata ilikuwa na milima na mabonde. Tulikaa nje ya Ligi Kuu, tukarudi mwaka 2011.

Sasa msimu wa 2015/16. Nilishauriwa niupitishe kwa mstari mmoja. Sikubali, kwa sababu sijaona msimu wa kushindwa uliokuwa na mambo kama ule. Tanga iliingia Ligi Kuu na timu tatu: sisi, African Sports waliokuwa wamepanda daraja baada ya kukosekana muda mrefu, na Mgambo JKT, maafande wa Kabuku. Zote tatu zikashuka pamoja. Timu zilizotakiwa kushuka zilikuwa tatu, na zote zikatoka mkoa mmoja. Vijiwe vya Dar es Salaam vilicheka mpaka vikachoka.

Lakini tazama tulivyoshuka. Januari 2016 kocha wetu, Mganda Jackson Mayanja, alichukuliwa na Simba. Mwishoni mwa mwezi huohuo Yanga walikuja Mkwakwani hawajapoteza mechi hata moja ya ligi. Miraji Adam akafunga, Juma Mahadhi akaongeza, 2-0. Yanga hao ndio waliomaliza msimu wakiwa mabingwa! Aprili tukaenda Uwanja wa Taifa, robo fainali ya Kombe la Shirikisho, dhidi ya Simba ya huyohuyo Mayanja. Tukawatoa 2-1. Timu inayoshuka daraja iliwapiga wakubwa wote wawili ndani ya miezi mitatu. Tulichoshindwa ni zile mechi za katikati ya wiki ambazo hakuna anayezitangaza, na ligi inahesabu hizo pia.

Nusu fainali tulikutana tena na Yanga, Mkwakwani. Mechi ilifika muda wa nyongeza na haikumalizika. Ushindi walipewa Yanga. Yaliyotokea jukwaani siku ile waliokuwepo wanayajua, na mengi yao si ya kujivunia, basi tuyaache hapo. Sababu za kushuka zilitajwa nyingi, kila kijiwe na yake, na kurasa hizi si baraza la usuluhishi. Nitasema hili tu: redio ya Mgwashi haikuzimwa. Mechi za Ligi Daraja la Kwanza hazikutangazwa, tukawa tunapiga simu Ngamiani kuuliza matokeo.

Tuliporudi Ligi Kuu mwaka 2018, mambo yalikwenda mbio, nami nitayataja mbiombio. Mwaka huo Alikiba, ndiyo, mwanamuziki, alisajiliwa na Coastal. Kocha alikuwa Juma Mgunda, mtoto wa nyumbani aliyeichezea klabu hii, na kama ningeruhusiwa kumpa mtu mmoja ukurasa mzima ningempa yeye. Mwaka 2020 Bakari Mwamnyeto alikwenda Yanga na Ibrahim Ame akaenda Simba. Julai 2022, Arusha, fainali ya Kombe la Shirikisho: Abdul Suleiman, Sopu, aliwafunga Yanga mabao matatu, ikawa 3-3, tukapoteza kwa penalti. Sopu akaenda Azam. Msimu wa 2023/24 tulimaliza nafasi ya nne chini ya Mkenya David Ouma. Mwaka 2024 tukacheza Kombe la Shirikisho Afrika, tukatolewa na Bravos do Maquis ya Angola.

African Sports hawajarudi Ligi Kuu tangu tuliposhuka nao. Wakirudi, lori la kabichi litaondoka Mgwashi usiku wa kuamkia mechi yetu nao, na utani wao tumeshauandaa.