BeOS na Deni la Draiva

Mifumo ya kompyuta iliyokufa hukumbukwa kwa sifa za programu zake. BeOS, iliyoundwa California katika miaka ya 1990, husifiwa hadi leo kwa kucheza video kadhaa kwa mpigo bila kukwama, na wapenzi wake hulilaumu soko kwa kutouthamini ubora huo. Mimi naona ubora huo haukuwa na uzito mkubwa sokoni. Kilichoiangusha BeOS ni draiva, yaani vile vipande vya programu vinavyouwezesha mfumo kuelewana na kadi ya sauti, printa au modemu. Na uamuzi wa kampuni ya Be kujiundia mashine yake haukulifuta deni hilo la draiva, uliliahirisha tu.

Jean-Louis Gassée aliondoka Apple mwaka 1990, akaanzisha Be pamoja na mhandisi Steve Sakoman. Hesabu yao ilieleweka: ukiunda mashine mwenyewe unaijua kila chipu iliyomo, hivyo draiva zinakuwa chache na unaziandika kwa utulivu. Ila muunda mashine naye huwa mateka wa wenye viwanda vya chipu. Mashine zao za mwanzo za majaribio zilitumia prosesa ya Hobbit ya AT&T; AT&T ilipoachana nayo, Be ikabidi ihamie prosesa ya PowerPC. BeBox ilipotoka Oktoba 1995 ilikuwa na prosesa mbili za megahezi 66, taa za mbele zilizoonyesha kila prosesa inavyohangaika (pambo, lakini pambo lenye akili), na tundu la pini 37 kwa wanaopenda kuunganisha mitambo yao wenyewe. Ilikuwa pia na nafasi za kadi za PCI na ISA, zilezile za kompyuta za kawaida, na hapo ndipo hesabu ilipovuja. Ukishamwachia mnunuzi nafasi ya kuchomeka kadi aipendayo, umekwisha kuukaribisha ndani wingi uleule uliokuwa ukiukimbia. Mashine zilizouzwa hazikufika 2,000, na Januari 1997 kampuni ikaacha kuzitengeneza.

Kimbilio likawa kompyuta za Macintosh za Apple, nazo zilitumia PowerPC. Lakini Desemba 1996, baada ya mazungumzo ya kuinunua Be kuvunjika, Apple ilichagua kuinunua kampuni ya NeXT, na mashine mpya za G3 zilipokuja, Be haikupewa maelezo ya undani wake. Bila maelezo hakuna draiva. Mwaka 1998 BeOS ikahamia kompyuta za Intel, na deni likadaiwa lote kwa pamoja. Watengenezaji wa kadi waliandika draiva za Windows kwa sababu wanunuzi walikuwa huko, na wanunuzi walibaki huko kwa sababu vifaa vyao vilifanya kazi.

Wapo watakaosema mkosaji ni Microsoft, yenye Windows, kwa kuwabana watengenezaji wa kompyuta wasiuze BeOS. Pingamizi hili lina nguvu: Hitachi iliuza kompyuta zenye BeOS ndani, lakini mtumiaji alipoiwasha mashine hakuonyeshwa kwamba mfumo huo upo, na mwaka 2003 Microsoft ililipa dola milioni 23.25 kumaliza kesi iliyofunguliwa na Be, bila kukiri kosa. Hata hivyo, tuangalie mlango huo wa kuuza mashine zenye BeOS ndani ulikuwa wa nini. Mashine inayouzwa na mfumo wake ni mashine ambayo draiva zake zimekwisha kujaribiwa kiwandani. Mlango ulipofungwa, Be ilibakiwa na mteja anayejiwekea mfumo nyumbani, juu ya vifaa ambavyo kampuni haikuvijua. Kwa hiyo ushahidi huo unaitilia nguvu hoja ya draiva.

Linux ni pingamizi gumu zaidi, maana ilianza 1991 bila mashine yake wala kampuni, ikaishi. Lakini msimbo wake ulikuwa wazi, hivyo mwenye kifaa kisichotambuliwa aliweza kujiandikia draiva na kuwapa wengine. Kiini cha BeOS kilikuwa kimefungwa. Tena Linux ilikulia kwenye seva, ambako diski na kadi ya mtandao vinatosha, wala hakuna anayeuliza habari za spika. Kwenye kompyuta za mezani ilisumbuka kwa miaka mingi.

Mwaka 2001 Palm ilinunua mali za Be kwa dola milioni 11. Mwaka huohuo watu wa kujitolea walianza kuiunda BeOS upya kwa msimbo ulio wazi, mradi unaoitwa sasa Haiku. Kwa kadi nyingi za mtandao hawakuandika draiva zao. Walijenga tabaka linalowawezesha kutumia zile za mfumo wa FreeBSD.