Jando, Skauti na Baba Aliyebaki Nje

Mtoto wa kiume wa Kikole, wilayani Kilwa, hafundwi utu uzima na baba yake. Ndivyo ilivyokuwa zamani, na kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyo hata leo. Siku ya kuingia kumbi, yaani kambi ya jando, ikifika, anakabidhiwa kwa watu wengine: ngariba wa kumtahiri, kungwi wa kumfunda, na nyakanga mwenye kauli ya mwisho juu ya kila kitendekacho huko. Baba anabaki na kazi ya kulipa, kupeleka chakula na kungoja. Anaweza kupita kumjulia hali mwanawe, maana naye aliingia kumbi enzi zake, lakini sauti hana. Akikuta mwanawe anakaripiwa, hunyamaza.

Hata methali yetu maarufu ya malezi humpita pembeni. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Baba hatajwi kabisa.

Ndiyo maana habari za akina baba wa Marekani wanaopiga mahema na wana wao katika kambi za skauti zina ugeni fulani zikisomwa kutoka pwani ya Lindi. Ugeni si hema, wala moto wa jioni, wala kufunga mafundo. Hayo yote Kikole yapo. Ugeni ni baba mwenyewe: anafanya nini pale?

Wilaya ya Kilwa ina Wamatumbi, Wangindo, Wamachinga na Wamwera, na kila kabila lina namna yake ya kuwatia vijana jandoni. Mahali, hata hivyo, hapabadiliki: ni porini, mbali na macho ya kijiji. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliieleza jando ya pwani katika Desturi za Waswahili, kitabu alichokichapisha Mjerumani Carl Velten mwaka 1903. Huko kumbini mvulana hufundishwa kuvumilia maumivu bila kulia, kuamkia wakubwa, kupiga hodi na kutoingia chumba cha wazazi, na kufumbua nyimbo ambazo nje ya kumbi haziimbwi. Katika makabila kadhaa ya kusini wazazi nao wana miiko yao: hulala mbalimbali mpaka jeraha la mtoto lipone. Kwa hiyo baba anashiriki, lakini kwa kujizuia.

Tena kwa Wamwera, Wayao, Wamakua na Wamakonde, ukoo umefuata upande wa mama tangu jadi. Mjomba ndiye mwenye neno kuhusu mpwa wake. Baba wa huku aliyetaka kumwongoza mwanawe hadharani alikuwa na watu wengi wa kupishana nao mlangoni.

Sasa tazama upande wa pili. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alizaliwa London mwaka 1857. Baba yake, kasisi na profesa wa Oxford, alifariki mwaka 1860, mtoto akiwa na miaka mitatu tu. Alilelewa na mama, Henrietta, na kaka zake ndio waliomfundisha kupanda mashua na kulala nje. Baadaye akawa ofisa wa jeshi India na Afrika, na umaarufu ukamjia kwa kuzingirwa na Makaburu mjini Mafeking, kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900, ambako wavulana wa mji walitumika kupeleka barua na ujumbe kati ya vituo vya ulinzi.

Agosti 1907 alichukua wavulana wapatao 20 hadi kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Wengine walikuwa watoto wa matajiri, wengine wa wafanyakazi. Asubuhi aliwaamsha kwa kupuliza pembe ya tandala aliyoitoa Matabele, katika Zimbabwe ya leo, alikopigana mwaka 1896. Mwaka 1908 akatoa kitabu chake, na ndani yake mna hadithi ya kijana wa Kizulu anayepakwa rangi nyeupe na kutupwa porini peke yake, aishi kwa akili na mkuki wake, asionekane na mtu mpaka rangi imtoke. Baden-Powell alipenda kukoleza hadithi, na hii nayo huenda ameikoleza. Lakini kwamba aliona jando ya Afrika na kuitamani kwa watoto wa kwao, hilo aliliandika mwenyewe. Sehemu ya kile tulicholetewa baadaye kama mali ya Mwingereza ilikuwa imechotwa huku.

Alipowaandikia viongozi wa vikosi mwongozo wao, aliwaambia kiongozi asiwe kama mwalimu wa darasani, wala ofisa wa jeshi, wala kasisi. Awe kama kaka mkubwa. Hakusema awe kama baba, na sioni ajabu: yeye mwenyewe alipata kaka, baba hakumpata. Mwanawe wa kiume, Peter, alizaliwa mwaka 1913, Baden-Powell akiwa na miaka 56 na shughuli za skauti za nusu ya dunia mabegani.

Skauti walifika Zanzibar mwaka 1912. Tanganyika walianza mwaka 1917, na mwaka huo kusini hakukuwa na mtu wa kuwaza mambo ya skafu. Waingereza walikuwa wameishika Kilwa tangu Septemba 1916 na kuigeuza bandari ya kushushia majeshi. Oktoba 1917 yakatokea mapigano ya Mahiwa, ndani ya mkoa wa Lindi wa leo, kati yao na majeshi ya Paul von Lettow-Vorbeck. Akina baba wa nchi hii walikuwa wamekamatwa kubeba mizigo, upande mmoja au mwingine, na wengi hawakurudi. Ilikuwa imepita miaka 12 tu tangu vita vya Maji Maji kuanzia Nandete, katika vilima vya Umatumbi wilayani humuhumu, mwaka 1905, na njaa iliyofuata ilikuwa haijasahaulika. Kizazi kizima cha wavulana wa Kilwa kilikua baba hayupo, na hilo halikuletwa na desturi.

Skauti waliingia Tanganyika kwa mlango wa shule, za serikali na za misheni. Kiongozi wa kikosi alikuwa mwalimu, na mara nyingi mwalimu alikuwa mgeni kijijini. Pwani ya Kilwa, yenye Waislamu wengi, mvulana alikuwa tayari na chuo cha Kurani asubuhi na kumbi katika msimu wake. Sasa akaongezewa shule, na ndani ya shule, kwa wachache waliobahatika, skauti. Walezi wanne, na baba si mmoja wao.

Kusini zaidi, Masasi, palitokea jambo ambalo nadhani wanahistoria wa skauti wangelisoma kwa makini. Vincent Lucas, mmisionari wa Kianglikana wa shirika la UMCA, aliona kwamba Wakristo wake hawaachi kupeleka watoto jandoni, na kwamba kuwakataza ni kupoteza muda. Akaamua kuileta jando ndani ya kanisa. Kumbi ikabaki porini, kutahiri kukabaki, ila sala zikaingia na yale yaliyodhaniwa hayafai yakatolewa. Mapadre Waafrika, kama Kolumba Msigala, ndio walioifanya kazi hiyo isimame, kwa sababu wao waliijua kumbi kutoka ndani. Dayosisi ya Masasi ilipoundwa mwaka 1926, Lucas akawa askofu wake wa kwanza. Wamisionari wengi wa wakati ule walimshangaa. Waliokuwa wakiwavisha wavulana kaptula za skauti walidhani wanaleta badala ya jando. Lucas alikuwa ameshaona kwamba badala haitakiwi. Lakini hata katika jando yake, mwenye kambi ndiye aliyebadilika. Baba hakubadilishiwa mahali.

Mwanafunzi mmoja wa Shule ya Tabora, aliyeingia hapo mwaka 1937, naye alijiunga na skauti: Julius Nyerere. Tanganyika ilipopata uhuru skauti hawakuvunjwa, na mwaka 1963 chama chao kikapokewa katika shirika la skauti la dunia. Mwaka huohuo, Julai, likaanzishwa Jeshi la Kujenga Taifa. Vijana wa TANU walikuwapo tayari, na Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, watoto waliundiwa Young Pioneers. Kila mtu alimtaka kijana. Desturi ikawekwa kwamba Rais awe mlezi wa skauti nchini, na hapo, ukipenda kucheka kidogo, unaweza kusema baba alipata nafasi hatimaye, ila alikuwa Baba wa Taifa.

Mtanzania wa kawaida humjua skauti kwa jambo moja: kuvisha skafu. Mwenge wa Uhuru ukiingia wilayani, mtoto aliyenyooshewa kaptula yake kwa pasi ya mkaa huchepuka kutoka katika mstari, hupiga saluti ya vidole vitatu na kumvisha kiongozi wa mbio skafu shingoni. Picha hupigwa. Kilwa ni hivyohivyo, kama Kondoa au Kasulu. Baba yuko kwenye umati, pengine juu ya baiskeli ili aone vizuri. Skafu ile, na kofia, na filimbi, amenunua yeye.

Marekani walifika kwa baba kwa njia nyingine. Mwaka 1953, huko Manhattan Beach, California, kiongozi wa skauti wadogo aitwaye Don Murphy alikuwa na mwana wa miaka 10 aliyekatazwa kushiriki mashindano ya magari ya kuteremka mlimani, kwa kuwa umri wake haukutosha. Murphy akabuni kigari cha kuchonga kutokana na kipande kidogo cha msonobari, baba na mwana wachonge pamoja, kisha magari yashindane kwa kuteleza kwenye njia ya mbao. Mchezo ukaenea nchi nzima. Kila aliyewahi kuhudhuria husimulia kasoro yake: magari mengine yamenyooka mno, yana rangi ya kiwandani, na mtoto hajui yalivyotengenezwa. Baba aliyekaribishwa ndani ya kambi alichukua kisu mkononi mwa mwanawe.

Kikole hakuna mtoto anayengoja baba amchongee gari. Huchonga mwenyewe, magurudumu ya malapa yaliyochakaa, na baba akiona panga lake limetumika kwa kazi hiyo ugomvi huzuka. Baba na mwana hukutana mahali pengine, kwenye kazi. Kule pwani ni kusuka dema na kujua maji yanajaa saa ngapi. Huku bara kidogo ni kurina asali, kutega, kuchagua kamba ya mti inayofunga na isiyofunga, kutambua mninga kwa gome lake wakati umepukutisha majani. Mtoto wa miaka 10 anawasha moto kwenye mvua na kufuata nyayo za ngiri, mambo ambayo kwingine mtu hutahiniwa ndipo apewe beji. Huku hashonewi beji, wala baba hadhani kwamba anafundisha. Anadhani anasaidiwa mzigo.

Msitu huo nao una historia yake ya karibuni. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliwapa wanavijiji uwezo wa kumiliki misitu iliyo katika ardhi yao. Shirika la kuhifadhi mpingo, lenye ofisi yake Kilwa Masoko, likaanza kufanya kazi na vijiji vya wilaya, na mwaka 2009 Kikole na Kisangi vikapata cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba mbao zao zimevunwa kwa uangalifu. Vilikuwa vya kwanza Afrika kukipata kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Mpingo ule mweusi ndio unaotengenezewa klarineti na zumari za Waskoti. Waingereza walioleta filimbi ya skauti huenda walipuliza pia mpingo wa kusini mwa Tanganyika, sijui kama walijua.

Cheti kina masharti. Kamati ya maliasili ya kijiji lazima ipime miti, iweke alama mipakani, ipige doria kuwazuia wakataji wa usiku, na iandike kila kitu daftarini. Kwa mara ya kwanza baba wa Kikole ana kazi ya porini yenye ratiba, cheo na ripoti, kazi ambayo mtu akiitazama kwa mbali angedhani ni kikosi cha skauti cha watu wazima. Mpingo huchukua miaka 70 mpaka 100 kufikia unene wa kuvunwa, kwa hiyo anayehesabu miti leo anahesabu mali ya watu ambao bado hawajaingia kumbi. Naona hapa ndipo skauti wa shule za Kilwa wangepaswa kupelekwa kwanza, kabla ya gwaride: siku moja na wanakamati, kijana ashike daftari na mzee ataje majina ya miti. Haigharimu chochote, isipokuwa mwalimu kukubali kunyamaza.

Kikwazo ni kalenda. Zamani kumbi ilikaa muda mrefu baada ya mavuno, na haikumwuliza mtu ruhusa. Shule imeibana ndani ya likizo za Juni na Desemba, na familia nyingi siku hizi hutahiri watoto hospitalini wakiwa wachanga, kisha hutafuta kungwi wa wiki mbili kwa ajili ya mafunzo tu. Makambi ya skauti nayo hutegea likizo hizohizo. Desemba ikifika, baba wa Kikole ana malipo ya kungwi, nguo mpya za kutokea kumbini, mchele wa sherehe, na barua ya mwalimu inayotaja nauli, skafu na mchango wa kambi. Fedha za ufuta aliouza Juni zimekwisha, na Januari kuna madaftari.