Katoni tupu na bawa la ndege

Wandugu, tangu nimalize lisansi nangojea kazi. Njo maana historia ya Wilbur na Orville Wright ilinishika: kati yao hakuna aliyepata hata diploma ya sekondari. Kule Dayton, Marekani, walikuwa watu wa kuuza na kutengeneza baiskeli, kinga zetu hizi.

Mwaka 1899, Wilbur alikuwa anaongea na mteja, mkononi ameshika katoni tupu ya mpira wa ndani wa tairi. Akaipinda bila kuwaza: pembe moja ikashuka, nyingine ikapanda. Kumbe bawa pia linaweza kupindwa vile! Upande unaoinuka kukabili upepo unabebwa zaidi na hewa, upande wa pili unabebwa kidogo, na rubani anasawazisha ndege isilale ubavu. Walijaribu kwanza kwa tiara ya kamba, upana mita 1.5.

Tarehe 17 Desemba 1903, karibu na Kitty Hawk, Orville alilala kifudifudi juu ya bawa, akisogeza kiuno ili nyaya zipinde mabawa. Akaruka sekunde 12, mita 37 hivi.

Baadaye mabawa yakawa magumu, vibawa vidogo vyenye bawaba vikachukua ile kazi. Lakini wazo halikufa: kati ya 1985 na 1988, NASA ilirusha F-111 yenye mabawa yanayobadili mkunjo wake angani, bila nyufa za kusumbua hewa.

Karatasi niko nayo. Sasa najiuliza: katoni ngapi zimepita mikononi mwangu bila mimi kuziangalia?