Dalali wa Mji Mkongwe ni wa Nani? Historia ya Mtu wa Katikati Unguja

Kila mtu wa mjini anamjua dalali. Kakaa barazani Soko Muhogo, pale Jaws Corner, kikombe cha kahawa chungu mkono huu, simu mbili mkono ule. Ukimuuliza kama kuna nyumba inauzwa, hakwambii ipo wala haipo. Anakuuliza yeye kwanza: "Ya kwako mwenyewe au umetumwa? Pesa unayo taslimu?" Akiridhika ndiyo anainuka, anakung'uta kanzu, anasema twende.

Kabla ya magharibi atakuwa kashaongea na mwenye nyumba, kashaongea na mnunuzi, kashapita kwa sheha. Muuzaji anamwita "dalali wangu". Mnunuzi naye anamwita "dalali wangu". Mtu mmoja, pande mbili, na hela inapita mkononi mwake. Sasa wadau, huyo dalali ni wa nani hasa?

Swali hilo halikuanza na WhatsApp. Unguja linaulizwa tangu enzi za majahazi, na jibu lake limekuwa likibadilika kila utawala ulipobadilika.

Zamani bei ilitajwa kwa sauti

Neno "dalali" limetoka kwenye Kiarabu, na asili yake ni mtu anayeelekeza, anayeonyesha njia. Kwenye masoko ya pwani likawa jina la mpiga mnada. Mpaka leo samaki wakishushwa Malindi, yule anayepaza sauti kupandisha bei ni dalali. Watu wamezunguka, kila mmoja anasikia fulani kafika ngapi, na wa mwisho anabeba.

Kazi hiyo ina upande wake wa giza. Zanzibar ya karne ya 19 iliuza pembe, karafuu na watu. Wasafiri waliofika kisiwani enzi hizo waliandika jinsi madalali walivyowapitisha watumwa sokoni wakitaja bei, kama mtu anavyonadi kitambaa. Soko la mwisho la wazi lilikuwa Mkunazini. Lilifungwa Juni 1873, baada ya Sultan Barghash kutia saini mkataba na Waingereza, na kanisa kuu la Anglikana likajengwa pale pale. Ukipita leo kupiga picha, kumbuka kwamba na neno "dalali" lilisikika mahali hapo.

Dalali wa mnada hakuwa na fumbo. Alitumwa na muuzaji, na kazi yake ilikuwa kupandisha bei, mchana kweupe. Mnunuzi alijua anashindana na nani.

Nyumba na shamba havikuuzwa hivyo kila mara. Mengi yalimalizikia barazani, milango imefungwa, kwa maneno ya chini chini. Hapo ndipo dalali wa aina nyingine alipopata nafasi yake: yule anayejua bei ambayo pande mbili hazijaambiana.

Karafuu, deni na waraka

Sayyid Said alipohamishia makao yake Unguja, karafuu ilipanda thamani na kila mwenye uwezo akataka shamba. Shamba linataka mtaji, na wenye mtaji walikuwa zaidi wafanyabiashara wa Kihindi wa mjini. Tatizo: riba ni haramu. Njia iliyotumika sana ni ile ya bei ya khiyari. Mwenye shamba "anamuuzia" tajiri shamba lake kwa sharti kwamba akirudisha pesa ndani ya muda fulani, shamba linarudi kwake. Muda huo wote anaendelea kukaa pale pale, na anamlipa tajiri kodi. Kwenye waraka ni mauzo. Kwenye maisha ni mkopo.

Waraka wenyewe ulitaja mipaka kwa majina ya majirani: kaskazini shamba la fulani, kusini njia, mashariki nyumba ya fulani. Hapakuwa na ramani. Anayetaka kununua angejuaje kama shamba lile halijauzwa tayari kwa khiyari kwa mtu mwingine? Alihitaji mtu wa kumwambia. Mji ukiwa hivyo, habari yenyewe ni bidhaa.

Wanazuoni waliiona hatari hiyo zamani sana. Fiqhi ya Kiislamu inaruhusu ujira wa dalali ukiwa umejulikana na kukubaliwa. Inakataza kupandisha bei kwa wanunuzi wa uongo. Inakataza pia mtu wa mjini kumfanyia udalali mtu wa mashamba asiyejua bei ya soko, ili kumtafutia faida kwa ujinga wake au wa wanunuzi. Mtu wa Unguja anayejua mvutano wa "mjini" na "shamba" haraka ataelewa kwa nini katazo hilo lilihitajika.

Madeni yalikua mpaka mashamba mengi yakawa rehani kwa wakopeshaji, na mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikaweka sheria ya kubana ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie ovyo mikononi mwa wadai. Kabla ya hapo Waingereza walishaleta usajili wa nyaraka, na sheria ya mikataba iliyofuata mfano wa ile ya India ya mwaka 1872. Ndani yake mna jambo ambalo wengi mjini hawalijui hadi leo: wakala anapaswa kumtolea hesabu aliyemtuma. Akijifanyia faida ya siri kwenye kazi aliyotumwa, aliyemtuma ana haki ya kuidai faida hiyo.

Kwa hiyo kwenye karatasi jibu lilishatolewa kitambo: dalali ni wa aliyemtuma. Barazani watu waliendelea na mambo yao.

1964: nyumba zinageuka wenyewe

Yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Tarehe 8 Machi mwaka huo huo, Rais Karume alitangaza kuwa ardhi yote ni mali ya serikali. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa. Familia nyingi za Kiarabu na Kihindi ziliondoka, nyingine zikaishia Oman, nyingine Bara, nyingine Ulaya. Ndani ya majumba yale yenye milango ya kuchongwa wakaingizwa watu wa mashamba na wa Pemba, mara nyingi familia kadhaa kwenye nyumba moja. Huko shamba, wananchi wakagawiwa eka tatu tatu.

Kwa dalali huo ulikuwa mwisho wa soko. Ukitaka nyumba, unakwenda serikalini. Kodi ilikuwa ndogo, matengenezo haba, na chokaa ikaanza kudondoka kidogo kidogo.

Katikati ya miaka ya 1980 uchumi ukaanza kufunguliwa, na serikali ikaanza kuuza baadhi ya nyumba zake za Mji Mkongwe. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Ghafla kuta zilizokuwa zinaanguka zikawa na wateja wenye dola.

Dalali akarudi, safari hii na kazi nzito kuliko zamani. Kwenye uchochoro mmoja unaweza kukuta nyumba ya serikali, nyumba ya mtu binafsi, nyumba ya wakfu na nyumba ya warithi walioko nchi tatu. Kwa nje zote zinafanana. Ya wakfu haiuzwi, hata anayeishi humo awe kakaa miaka hamsini. Ya warithi haiuzwi na mmoja wao peke yake. Ya mtu binafsi inauzika, ila huwezi kuivunja au kuibadilisha sura bila kibali cha uhifadhi.

Dalali mzuri anayajua hayo yote kwa kichwa. Anajua bibi mkubwa alikuwa na watoto wangapi, nani yuko Muscat, nani hajaongea na ndugu yake tangu msiba. Tuwe wakweli, kazi hiyo ina thamani. Mnunuzi anayeiruka kwa kubana hela ndogo anaweza kujikuta mahakamani na mrithi ambaye hakuwahi kumsikia.

Hesabu ya cha juu

Sasa tuje kwenye hela, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Chukulia mfano. Mzee kafariki, kaacha mjane, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Warithi wanakubaliana nyumba iuzwe, na mkononi wanapata milioni 80. Kwa mirathi ya Kiislamu mjane anachukua thumuni, yaani milioni 10. Zinabaki milioni 70. Mtoto wa kiume ana mafungu mawili, wa kike fungu moja, jumla mafungu saba. Kila mtoto wa kiume anapata milioni 20, kila wa kike milioni 10.

Lakini mnunuzi alitoa milioni 100. Dalali aliwaambia warithi kwamba mteja kakomea 80, na akamwambia mteja kuwa wenyewe hawashuki chini ya 100. Zile 20 za katikati ndizo zinazoitwa "cha juu".

Zitazame vizuri. Dalali kachukua sawa na fungu la mtoto wa kiume wa marehemu. Kachukua mara mbili ya mjane aliyeishi kwenye nyumba ile umri wake wote. Kaingia kwenye mirathi bila kuwa ndugu. Na pengine juu yake kalipwa ujira na pande zote mbili, na ubani kapewa.

Atajitetea: "Mimi nimewapa bei waliyoitaka, mteja naye kalipa kwa hiari yake. Nimemdhulumu nani?" Utetezi huo unasikika mitaani kila siku na unaingia akilini haraka. Kasoro yake ni kwamba bei waliyoitaka warithi ilitokana na habari aliyowapa yeye. Wangejua kuna mtu ana 100, wasingetaka 80.

Kutoka ufukweni mpaka Fumba

Miaka ya 1990 mchezo ulihamia Paje, Nungwi na Kendwa. Kisheria ardhi ni ya umma, na Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 1992 inampa Mzanzibari haki ya kuitumia. Kwa hiyo kijijini watu walizoea kuhesabu minazi, siyo mchanga: mtu analipwa fidia ya miti na vilivyopo juu. Mwenyeji akauza minazi yake michache. Aliyeko upande wa pili alikuwa ananunua mwonekano wa bahari. Dalali wa katikati alikuwa mtu pekee aliyejua kwamba wanaongelea vitu viwili tofauti.

Mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi Zanzibar. Anapita njia ya kukodishwa kupitia uwekezaji, au tangu sheria ya mwaka 2010 ya nyumba za ghorofa za pamoja, ananunua sehemu yake ndani ya jengo. Ndiyo maana sasa unaona miradi kama ya Fumba, na vijana wenye mashati yaliyopigwa pasi wanaoringisha video za vyumba Instagram. Hawajiiti madalali tena. Wanajiita mawakala, washauri, maejenti. Jina limepanda daraja, ila swali limebaki pale pale, kwa sababu wengi wao wanalipwa na mjenzi huku wanamwambia mnunuzi "mimi niko upande wako".

Na mtu asidhani ni ushamba wa Kiafrika. Marekani, yenye leseni na mafomu ya kila aina, kwa miaka mingi wakala wa mnunuzi alilipwa kutokana na makubaliano ya muuzaji na wakala wake. Oktoba 2023 baraza la mahakama huko Missouri liliona utaratibu huo umewaumiza wauza nyumba. Tangu Agosti 2024, chini ya maridhiano yaliyofuata, mawakala wa chama kikubwa cha nchi hiyo wanatakiwa kuandikiana na mnunuzi, malipo yakitajwa, kabla ya kumpeleka kuona nyumba. Kenya nayo ina sheria ya kusajili mawakala wa nyumba tangu miaka ya 1980. Kote huko watu wanakimbizana na kitu kile kile: mtu wa katikati aseme mapema anamtumikia nani na anakula kiasi gani.

Kabla hujamwambia "twende"

Mnada wa samaki wa Malindi una kitu ambacho mauzo mengi ya nyumba hayana. Bei inasikika. Dalali wa samaki hawezi kumwambia mvuvi kwamba mteja kakomea elfu 80 wakati mvuvi mwenyewe kasimama pale na kasikia laki.

Nyumba nayo inaweza kuuzwa hivyo, na haihitaji kelele. Muuzaji na mnunuzi wakutane uso kwa uso siku ya bei, mbele ya sheha au wakili. Ujira wa dalali utajwe hapo hapo na uandikwe, na ajulikane anayeulipa. Kama ni mirathi, kila mrithi apate nakala, na aliyeko Muscat apigiwe simu ya video asikie mwenyewe. Dalali mwaminifu hapotezi kitu hapo. Analipwa jasho lake, na kesho anaitwa tena.

Asiyetaka muuzaji na mnunuzi waonane, anayesema "bwana wee, hilo niachie mimi", huyo kashajibu yeye ni wa nani.