Gemu ya kwanza: jinsi ya kuitengeneza nyumbani bila kuwa fundi wa kompyuta

Kucheza gemu kwenye simu ni kawaida kwa vijana wengi. Wachache wanajua kuwa gemu nyepesi inaweza kutengenezwa nyumbani, bure kabisa, hata na mtoto wa miaka 8.

Zana za kuanzia

Maarufu zaidi ni Scratch, iliyobuniwa katika chuo cha MIT, Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2007. Hapa haiandikwi kodi ndefu. Maagizo yamo kwenye vipande vya rangi vinavyovutwa na kupachikwa kimoja chini ya kingine. Lugha yake inaweza kubadilishwa, na Kiswahili kimo. Ukiacha ile ya mtandaoni, ipo programu ya kompyuta inayopakuliwa mara moja, kisha inafanya kazi bila bando.

Asiye na kompyuta naye hajaachwa. Pocket Code, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria, hutumia vipande kama hivyo kwenye simu ya Android. Watoto wa miaka 5 hadi 7 wana ScratchJr.

Mfano: gemu ya kudaka maembe

Kioo cha Scratch kina upana wa 480 na urefu wa 360, na katikati ni 0.

1. Huwekwa wahusika wawili: embe na kikapu. Kikapu hukaa chini, y ikiwa -120.
2. Mshale wa kulia ukibonyezwa, x ya kikapu huongezeka 10. Wa kushoto, hupungua 10.
3. Embe huanzia juu, y ikiwa 180, na hushuka 5 kila mara ndani ya kipande cha kurudia bila kikomo.
4. Likigusa kikapu, pointi huongezeka 1 na embe hurudi juu, mahali popote kati ya x -200 na 200.
5. Likipita y -160 bila kudakwa, mchezo umeisha.

Pale wengi wanapokwama

Embe moja likileta pointi nyingi, ujue halirudishwi juu mara tu linapogusa kikapu. Pointi za jana zikibaki, zimesahaulika kurudishwa 0 mwanzoni.

Kosa kubwa zaidi ni kuanza na gemu kubwa mno, halafu kukata tamaa. Flappy Bird, iliyotikisa dunia mapema 2014, ilikuwa ndege mmoja tu wa kurusha kwa kidole. Aliitengeneza Dong Nguyen wa Vietnam, peke yake.

Kwa wazazi

Mtoto akitaka kuonyesha gemu yake mtandaoni, atumie jina la utani. Jina kamili, shule na namba ya simu visiwekwe.

Akishaizoea Scratch, hatua inayofuata inaweza kuwa Godot. Nayo ni ya bure, ila huko kodi inaandikwa kweli.