Darubini ya Mamilioni, Kongoni Akapigwa Mguu: Historia ya Kile Kifaa cha Kupima Umbali Porini

Kuna jamaa mmoja hapa mjini, jina naliweka kapuni. Hela anazo, vibali vyake vya uwindaji viko sawa, na picha zake za porini zikipanda mtandaoni watu wanazipenda balaa. Ila kuna safari moja hakuposti kitu.

Walikuwa kwenye kitalu kimoja kusini mwa Tanzania, asubuhi na mapema. Kongoni dume amesimama ng'ambo ya nyasi ndefu. Jamaa akainua darubini yake mpya yenye leza, akabonyeza kitufe, ndani ikasoma 190. Mzee wa nyayo, yule anayetembea mbele akisoma alama za wanyama ardhini, akamwambia taratibu, "Huyo yuko mbali, bosi. Tusogee." Bosi akaamini namba.

Bunduki yake ilikuwa .375, imepangwa kupiga penyewe kwenye mita 200. Sasa risasi ya aina hiyo ikifika mita 300 inakuwa imeshuka sentimita 30 hivi au zaidi. Na kongoni alikuwa mita 300 na ushee. Akapigwa mguu wa mbele. Walimfuata mpaka saa kumi jioni ndo wakammaliza. Kwenye safari hizi mnyama uliyemjeruhi anahesabiwa umemuua, kwa hiyo ada ilikuwa inalipwa tu. Lakini jamaa akisimulia haongelei hela. Anaongelea zile saa tisa.

Kilichoniuma mimi ni kwamba leza haikukosea. Ilipima nyasi. Ili uelewe kwa nini darubini ya bei mbaya inaweza kukufanyia hivyo, inabidi turudi nyuma kidogo, maana ile kitu ni vifaa viwili tofauti vilivyooana uzeeni.

Kifaa cha kwanza ni kioo. Mwaka 1608 fundi miwani wa Middelburg, Uholanzi, anaitwa Hans Lipperhey, alipeleka darubini yake serikalini akiomba hataza. Hataza alinyimwa, kwa sababu watu wengine nao walidai wanajua kuitengeneza. Ila wakubwa wakamwambia atengeneze ya macho mawili, na wakamlipa. Kwa hiyo darubini ya macho mawili, hii tunayoita binokula, ni wazo la zamani kabisa, lina umri karibu sawa na darubini yenyewe. Tatizo lilikuwa urefu. Ukitaka kuona mbali unahitaji bomba refu, na mabomba mawili marefu nani atayabeba?

Dawa ilitoka Italia. Mwaka 1854 Ignazio Porro alipata hataza ya mpangilio wa prizimu, yaani vipande vya kioo vinavyoukunja mwanga kona kwa kona mpaka safari ndefu inaingia kwenye kopo fupi. Lakini kioo cha enzi zake hakikuwa safi vya kutosha. Ikabidi kusubiri miaka 40, mpaka Ernst Abbe na kampuni ya Zeiss kule Jena, Ujerumani, wakitumia kioo cha Otto Schott, walipotoa binokula za prizimu mwaka 1894. Tangu hapo kila jeshi lilizitaka.

Na hapa kuna kituko. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, mataifa yaliyopigana na Mjerumani yakakuta macho yao yanatengenezwa na adui. Marekani jeshi la wanamaji likabaki linawaomba raia waazimishe binokula zao za nyumbani, kampeni ikaitwa "Macho kwa Jeshi la Wanamaji", na kila iliyotumika mwenyewe alilipwa dola 1. Mmoja wa viongozi waliokuwa nyuma ya mpango huo ni Franklin D. Roosevelt, kabla hajawa rais. Yaani kioo kizuri hakikuwa kitu cha kuamka asubuhi na kutengeneza.

Bado kulikuwa na ugonjwa mwingine. Kila mwanga unapoingia au kutoka kwenye kioo kitupu, karibu asilimia 4 inarudishwa nyuma. Binokula ina sehemu kama hizo zaidi ya 10, kwa hiyo unapoteza theluthi ya mwanga au zaidi. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa Zeiss akapata utando mwembamba wa kupaka kwenye lenzi ili mwanga upite. Ule ung'avu wa zambarau au kijani unaouona kwenye lenzi ndo huo.

Kifaa cha pili, cha kupima umbali, kina ukoo tofauti kabisa. Mwaka 1888 jeshi la Uingereza lilitangaza linatafuta kifaa hicho, na maprofesa wawili wa Leeds, Archibald Barr na William Stroud, wakajitosa. Chao kilikuwa bomba lenye dirisha kila mwisho: unazungusha mpaka picha mbili zinalingana, halafu unasoma umbali. Jeshi la nchi kavu likawakataa, la majini likawachukua mwaka 1892. Kadiri bomba lilivyokuwa refu ndivyo kipimo kilivyokuwa sahihi. Meli ya Kijapani Yamato ilibeba ya mita 15. Hiyo huibebi kwenda kuwinda.

Halafu Mei 1960, kule California, Theodore Maiman akawasha leza ya kwanza. Badala ya pembe, sasa unapima muda. Mwanga unaenda mita 300 na kurudi kwa sehemu 2 tu za milioni ya sekunde, na saa ndani ya kifaa inahesabu. Wanajeshi walianza, raia wakasubiri mpaka 1992, Leica ilipotoa Geovid, binokula ya kwanza yenye leza ndani kwa soko la kawaida.

Umeona hesabu? Kioo kimesotewa karne tatu, leza imeingia jana tu. Ndo maana mimi nasema mtu akinunua aanze na kioo. Zile namba kubwa za umbali kwenye boksi mara nyingi ni za kitu kinachorudisha mwanga vizuri, kama kibao cha barabarani. Mnyama mwenye manyoya harudishi hivyo. Na mwali wa leza unatanuka: kwa mita 300 unaweza kuwa na upana wa sentimita 30 au zaidi, ukigusa nyasi mbele unaleta jibu la nyasi. Nyingine zina chaguo la kusoma kitu cha mwisho badala ya cha kwanza. Ya jamaa ilikuwa nalo. Hakuwahi kulifungua.

Nzuri za Ulaya zinaanzia dola 2,000 hivi na kupanda, kwa hiyo usijaribu chini ya taa za dukani. Omba utoke nje magharibi inapoingia. 8x42 itakupa mwanga mwingi jichoni kuliko 10x42, na porini mambo mengi hutokea alfajiri na jioni. Angalia kama namba nyekundu za ndani haziumizi macho gizani. Fumba jicho moja, kisha jingine: nyingi upande mmoja una rangi kidogo, ikizidi achana nayo. Nenda uwanja wa mpira, simama goli hili upime mwamba wa goli lile. Isome kama 100 au 105. Kisha mpime mbuzi aliye nyuma ya majani.

Jamaa amerudi porini mwaka huu. Safari hii, kabla ya kitu chochote, alimvulia yule mzee binokula shingoni. Miaka yote ya kazi hiyo hakuna mgeni aliyewahi kumpa aipime. Mzee akaelekeza kwa nyati aliyekuwa nyuma ya miti, akabonyeza, akabonyeza tena, akaanza kucheka.

"Bosi," akasema, "hii imepima kichaka."