Sheria za Kulinda Wanyama wa Porini

Leo tunasoma historia. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni miaka hii: 1896, 1951, 1959, 2009.

Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilitafutwa sana. Misafara ilizibeba kutoka bara mpaka pwani, na tembo wakapungua. Basi mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji. Amri hiyo ilisema mambo mawili makubwa. Kwanza, mwindaji awe na leseni, nayo ilikuwa ya kulipia. Pili, zilitengwa sehemu mbili za kulinda wanyama, moja magharibi ya Kilimanjaro, nyingine upande wa mto Rufiji.

Fikirini jambo hili. Mtu aliyezoea kuwinda kitoweo kwa upinde, kama babu zake, sasa alikuwa mkosaji asipokuwa na leseni. Tajiri aliyelipa hakuwa na kosa. Swali la nani anufaike na nani aumie lilianza hapo.

Waingereza walipotawala waliweka idara ya wanyama. Ofisa wake watu walimwita Bwana Nyama. Mwaka 1951 Serengeti ikawa hifadhi ya taifa, na Ngorongoro ilikuwa ndani yake. Lakini Wamasai walikuwa wakilisha ng'ombe humo. Je, wafugaji na hifadhi wakae pamoja, au watengwe? Serikali ilibishana na wafugaji, na wataalamu nao walibishana. Mwaka 1958 wazee wa Kimasai walitia sahihi mkataba wa kutoka Serengeti. Mwaka 1959 sheria ikaigawa nchi ile. Serengeti ikabaki ya wanyama peke yao. Ngorongoro ikawa na sheria yake, ya kuwalinda wanyama na kuwaacha wafugaji wakae na mifugo yao.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliwahesabu nyumbu wa Serengeti kwa ndege. Hawakufika 100,000. Kufika mwaka 1977 walipita milioni moja. Je, ni kazi ya sheria peke yake? Hapana. Ugonjwa wa sotoka ulikuwa ukiwaua ndama wa nyumbu. Ng'ombe wa wafugaji walipochanjwa, sotoka ilitoweka porini pia katika miaka ya 1960. Chanjo ya ng'ombe iliwaokoa nyumbu! Afya ya zizi na afya ya pori zimefungwa kamba moja.

Baada ya Uhuru, Bunge lilitunga sheria ya wanyamapori mwaka 1974, kisha nyingine mwaka 2009. Sheria hii inasema wanyamapori ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Vijiji navyo vinaweza kuungana, vikatenga ardhi ya wanyama na kupata sehemu ya mapato.

Lakini sheria haina miguu wala macho. Mwaka 2009 tulikuwa na tembo wapatao 109,000. Mwaka 2014 walihesabiwa kama 43,000 tu. Majangili waliwaua huku sheria ikiwa kabatini. Idadi ilianza kupanda tena ulinzi ulipokazwa.

Na lile swali la 1959 halikwisha. Tangu mwaka 2022 kaya nyingi za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari, kwa kuwa watu na mifugo wamezidi. Wafugaji wengi wanapinga, wakikumbusha ahadi waliyopewa wazee wao.

Tumejifunza nini? Sheria hulinda wanyama pale wanaoishi nao wanapoona kuwa ni yao pia. Mwenye shamba lililokanyagwa na tembo usiku hatapiga mbio kumripoti jangili, kama hasara ni yake na faida ni ya wengine.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Amri ya 1896 ilisema mambo gani mawili?
2. Chanjo ya ng'ombe iliwasaidiaje nyumbu?
3. Kama ungekuwa mbunge, ungeandika nini katika sheria ili mkulima na tembo wote wapone?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.